Luigi Broglio: Mtaliano Aliyeirusha Uhuru

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, vijana wa Kitengela na Kajiado hutoka nje kuangalia mwezi mwandamo, na hapo maswali ya mambo ya juu huwa hayaishi. Basi leo tumsome mtu mmoja ambaye kwao Italia wanamhesabu kuwa baba wa safari za anga za juu, na kazi yake kubwa kuliko zote aliifanyia hapa hapa Kenya.

Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, tarehe 11 Novemba 1911. Alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Roma akamaliza mwaka 1934, kisha akaingia jeshi la anga kama mhandisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili akawa mwalimu katika chuo hicho hicho na akaongoza shule ya uhandisi wa ndege na anga za juu. Mwaka 1956 alisimamia kuanzishwa kwa uwanja wa majaribio ya roketi kisiwani Sardinia. Haya tuyapite haraka, utamu uko mbele.

Italia ya wakati ule ndiyo kwanza ilikuwa inainuka kutoka vitani. Pesa za kuunda roketi kubwa hazikuwepo. Mzee Broglio akaja na hesabu yake: roketi tuchukue kwa Wamarekani, setilaiti tuunde wenyewe, na kiwanja cha kurushia tukiweke mahali ambapo hata Wamarekani hawana, yaani karibu na ikweta. Mwaka 1961 serikali yake ikamkubalia, na 1962 mkataba na NASA ukatiwa sahihi. Mradi ukaitwa San Marco.

Kwa nini ikweta? Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na penye ikweta mwendo huo ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Makanga akirusha chupa mbele kutoka kwenye matatu inayokwenda mbio barabara ya Namanga, chupa inaondoka na nguvu ya mkono wake pamoja na mwendo wa gari. Roketi inayorushwa mashariki kutoka ikweta nayo inapewa mwendo huo wa bure. Isitoshe, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huikwepa sana ile sehemu ya kusini mwa Atlantiki ambapo chembe za umeme huvuruga vyombo.

Hapo kijana wa Kajiado atauliza: mbona asije kwetu? Na swali lake ni zuri, maana Kajiado iko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, na Ngomeni, kule kaskazini mwa Malindi, ni karibu nyuzi 3. Tuko karibu zaidi! Lakini roketi ya Scout ilikuwa na sehemu nne, na kila sehemu ikiisha moto wake inaanguka. Ukirusha kutoka Kajiado, vyuma vitashukia watu wa Makueni na Kitui. Ukirusha kutoka Ngomeni, mbele yako ni Bahari ya Hindi tupu.

Kwa hiyo Broglio hakujenga kiwanja cha kurushia nchi kavu. Alileta majukwaa ya chuma yenye miguu inayosimama kwenye sakafu ya bahari. La kwanza, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta, likavutwa kwa meli kutoka Italia. Machi 1964 roketi ndogo za majaribio zikaanza kurushwa hapo. Desemba mwaka huo huo timu yake ilirusha setilaiti ya San Marco 1, ila kutoka Marekani, kama mtihani wa kuonyesha kwamba wanaweza. Kisha likaja jukwaa kubwa la San Marco, likaunganishwa na Santa Rita kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikapaa kutoka Ngomeni. Ndani yake mlikuwa na mzani aliobuni Broglio mwenyewe: ganda jepesi la nje lililoshikana na kiini kizito cha ndani, ili msukumo mdogo sana wa hewa ya huko juu uweze kupimwa.

Sasa tuje kwa Uhuru. Nyota na galaksi nyingi hutoa eksirei, kama ile ya hospitalini, lakini hewa ya dunia huinyonya yote. Hata ukipanda kilele cha Ngong Hills, mita 2,460, hupati kitu. Roketi ndogo zilikuwa zinachungulia juu ya hewa kwa dakika chache tu na kuanguka. Riccardo Giacconi, Mtaliano mwingine aliyehamia Marekani, alikuwa amegundua kwa njia hiyo chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jua letu mwaka 1962. Alitaka chombo kinachokaa juu miezi na miezi.

Chombo hicho, chenye uzito wa kilo 140 hivi, kilirushwa na watu wa Broglio mchana wa tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya Kenya kutimiza miaka 7 ya uhuru, na ndiyo maana kikaitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine, na setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za mbinguni peke yake.

Ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Ilionyesha kwamba Centaurus X-3 na Hercules X-1 ni nyota za nyutroni zinazonyonya gesi ya nyota jirani. Ilikuta gesi ya moto mkali imejaa kati ya galaksi zilizokusanyika pamoja. Na iliona Cygnus X-1 ikipepesa kwa kasi ya ajabu, dalili kwamba ni kitu kidogo mno. Wanaastronomia wa Uingereza na Canada wakaipima nyota inayozunguka nacho, na hapo dunia ikapata shimo jeusi la kwanza la kuaminika. Giacconi alipewa nusu ya tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Setilaiti tisa zilirushwa Ngomeni, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Broglio alitaka roketi ya Scout iboreshwe ili kazi iendelee, akapigania sana, lakini wakubwa wa nchi yake wakachagua njia nyingine. Roketi yao, Vega, ilianza kuruka mwaka 2012 kutoka Guyana ya Ufaransa, sio Kenya. Yeye hakuyaona hayo. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001 akiwa na miaka 89, na kituo cha Malindi sasa kina jina lake.

Tuseme ukweli: katika Uhuru ile, roketi na vyombo vilikuwa vya Marekani, warushaji Waitaliano, na sisi tulitoa mahali na jina. Kwa maoni yangu, kumlaumu Broglio peke yake si haki, maana yeye alikuja na chuo kikuu chake, na kuuliza watoto wetu watafundishwa nini lilikuwa jukumu letu. Mkataba mpya wa 2016 ndio uliotilia mkazo mafunzo na kugawana data. Kenya imeshapata setilaiti zake, ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018 na Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, ila Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Majukwaa ya Ngomeni hayajarusha kitu tangu 1988. Antena za nchi kavu ndizo zilizoendelea na kazi, zikapokea habari za darubini kama Swift, iliyorushwa 2004, na NuSTAR ya 2012.