Nuru Isiyo na Moto: Maisha ya Bibi Marie Curie

Watoto, giza linapoingia Yangambi, tazameni nuru zilizopo. Nyumbani mama anawasha taa ya mawese. Utambi unanyonya mafuta, mafuta yanaungua, na vumbi la masizi lililo ndani ya mwali linapata moto hata linang'aa. Katika taa ya umeme ya namna ya zamani, hakuna kitu kinachoungua. Waya mwembamba ndani ya kioo unapata moto kwa nguvu ya umeme, nao unatoa nuru. Nje, kando ya mto, vimulimuli wanaruka. Ukimshika kimulimuli, hakuchomi. Tumboni mwake mna dawa inayochanganyika na hewa na kutoa nuru baridi.

Kumbe nuru huzaliwa kwa njia nyingi! Leo tutasoma habari za mwanamke aliyepata nuru ya jiwe.

Marie alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Warsaw, nchi ya Polandi. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alikufa Marie alipokuwa na miaka kumi tu. Wakati ule nchi yao ilitawaliwa na Warusi, na chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Marie na dada yake Bronia wakapatana. Bronia aende kwanza Paris kusoma uganga, na Marie afanye kazi ili kumlipia. Kisha Bronia amsaidie Marie. Basi Marie akafundisha watoto katika nyumba za matajiri kwa miaka kadhaa, akamtumia dada yake fedha.

Mwaka 1891 zamu yake ikafika. Huko Paris alikaa katika chumba kidogo chini ya paa. Siku za baridi kali alivaa nguo zake zote pamoja. Lakini mwaka 1893, katika mtihani wa fizikia, alikuwa wa kwanza. Mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwalimu wa elimu hiyohiyo.

Mwaka 1896 mtaalamu mmoja Mfaransa, Henri Becquerel, aliona jambo la ajabu. Chumvi ya uraniumu ilitoa miali isiyoonekana kwa macho, ingawa haikuwashwa wala haikuwekwa juani. Marie akataka kujua sababu. Alipopima mawe yenye uraniumu, aliona kwamba yanatoa miali mingi kuliko uraniumu wenyewe. Basi, ndani yake mlijificha kitu kingine. Mwaka 1898 yeye na Pierre walitangaza vitu viwili vipya. Kimoja walikiita poloniumu, kwa heshima ya nchi yake Polandi. Cha pili walikiita radiumu.

Ilibaki kazi ya kukitoa. Walipewa banda bovu, ambalo paa lake lilivuja mvua. Waliletewa mawe yaliyosagwa, magunia kwa magunia. Marie aliyachemsha katika vyungu vikubwa, akayakoroga kutwa kwa chuma kirefu karibu sawa na kimo chake. Alifanya hivyo kwa miaka karibu minne. Mwaka 1902, kutoka tani nyingi za mawe, alipata chumvi ya radiumu kidogo sana: sehemu ya kumi ya gramu moja.

Usiku Marie na mumewe walipenda kurudi bandani bila taa. Gizani chupa ndogo zilikuwa zinang'aa kwa nuru ya samawati, kama vimulimuli waliotulia. Hapakuwa na moto, wala mafuta, wala waya. Nuru hiyo ilitoka wapi? Chembe za radiumu huvunjika zenyewe, polepole, na kila inayovunjika hutupa miali. Miali hiyo ikigonga hewa na chumvi iliyo karibu, huziangaza. Hata baada ya miaka 1600 nusu ya radiumu bado ipo.

Mwaka 1903 Marie, Pierre na Becquerel walipewa tuzo kubwa ya Nobel. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi, akafa. Marie alilia sana, lakini alichukua nafasi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika chuo kikuu cha Paris. Mwaka 1911 akapewa tuzo ya Nobel mara ya pili. Waganga walikuwa wamekwisha kuanza kutibu uvimbe mbaya kwa miali ya radiumu. Marie angaliweza kuuza siri ya kazi yake na kutajirika. Hakutaka. Aliwapa watu wote bure.

Hata nchi yetu ya Kongo imo katika habari hii. Mwaka 1915 mawe yenye uraniumu mwingi yalionekana Shinkolobwe, huko Katanga. Kuanzia mwaka 1922 yalipelekwa Ubelgiji kutolewa radiumu, na bei yake ikashuka. Mwaka 1929 Marie alipewa fedha na Wamarekani, akanunua gramu moja Ubelgiji kwa ajili ya hospitali ya Warsaw. Hivyo mawe ya Katanga yalitibu wagonjwa wa mji alikozaliwa.

Lakini sikilizeni vema. Kimulimuli hachomi wala hadhuru. Radiumu nayo ukiishika husikii moto, lakini miali yake inaharibu mwili kwa siri. Marie alibeba chupa zake mfukoni. Vidole vyake viliungua, macho yakafifia, damu ikaharibika. Alikufa tarehe 4 Julai 1934, akiwa na miaka 66. Hata leo madaftari yake yanatunzwa katika masanduku ya risasi, kwa sababu bado yanatoa miali. Mgodi wa Shinkolobwe nao, serikali ya Kongo ilikataza watu kuchimba humo mwaka 2004.

Tumheshimu Bibi Curie kwa bidii yake na moyo wake wa kutoa. Nasi tujifunze: si kila kinachong'aa bila kuchoma ni salama. Kwanza tukijue, kisha tukishike.

Maulizo

1. Taja njia nne za kupata nuru.
2. Marie na Bronia walisaidianaje?
3. Kwa nini Marie hakutajirika?
4. Nuru ya kimulimuli na nuru ya radiumu zinafanana kwa nini? Zinapitana kwa nini?