Hugh Trowell: Daktari na Swali la Unga

Mwanafunzi wa famasia afundishwapo kumhudumia mgonjwa wa kisukari, hukariri kwanza metformini na insulini. Hata hivyo, mgonjwa atokaye Endebess ana swali jingine nyumbani: mahindi yasagwe na maganda yake, au yakobolewe ili unga utoke mweupe? Swali hilo lilimshughulisha Hugh Trowell hadi uzeeni.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari London, na mwaka 1929 akaja Kenya kuitumikia serikali ya kikoloni. Mwaka 1935 alihamia Uganda, upande wa pili wa Mlima Elgon, akawafundisha udaktari vijana wa Kiafrika katika Hospitali ya Mulago. Mkewe, Margaret, ndiye mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere.

Hakupatia kila jambo. Unyafuzi wa watoto aliudhania kuwa pelagra, ilhali Cicely Williams alikuwa amekwisha kuupambanua katika nchi iitwayo leo Ghana. Baadaye alijirekebisha, na mwaka 1954 akashiriki kuuandikia kitabu kizima. Pengine kosa hilo ndilo lililomfunza kutazama wodi kabla ya kuamini vitabu. Vitabu vya Ulaya vilieleza maradhi ambayo Mulago hayakuonekana ila kwa nadra, kisukari kikiwa mojawapo. Trowell aliandika kile kilichokosekana, kazi ambayo madaktari wachache huikumbuka, na mwaka 1960 akachapisha kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukizwa barani Afrika.

Wakati huo alikuwa amestaafu na kurudi kwao, akawa kasisi wa Kianglikana. Katika miaka ya 1970 aliirejea tiba, akishirikiana na Denis Burkitt, mwenzake wa Uganda. Alichunguza takwimu za vifo vya kisukari nchini Uingereza. Kuanzia mwaka 1942, kwa sababu ya vita, Waingereza walilazimishwa kula mkate wa unga usioondolewa pumba nyingi. Katika miaka hiyo vifo vilipungua. Mwaka 1975 alichapisha nadharia yake kwamba chakula kilichopokonywa nyuzinyuzi huchangia kuleta kisukari.

Ushahidi huo ulikuwa na tundu: sukari na mafuta navyo viligawanywa kwa kipimo wakati wa vita, hivyo pumba peke yake haiwezi kupewa sifa zote. Lakini leo nafaka isiyokobolewa imo katika mashauri wapewayo wagonjwa wa kisukari.

Trowell alifariki mwaka 1989. Mulago, kisukari hakikuwa kigeni tena.