Sakawa wa Nyakoe na Maswali ya Vijana

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Methali hii nilikumbushwa Disemba iliyopita nilipokwenda kuhudhuria matanga ya jamaa yangu karibu na Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Usiku ulikuwa wa baridi, kama kawaida ya usiku wa nyanda zetu za majani chai. Wazee waliuzunguka moto. Vijana walikuwa wameketi kando kwenye viti vya plastiki, wakibishana kwa sauti iliyozidi heshima ya mahali. Nilidhani wanazozania siasa au kandanda. Niliposogea nikabaini kwamba ugomvi wao ulihusu mchezo wa kuigiza wa televisheni.

Mchezo wenyewe ni Doctor Who, tamthilia ya Kiingereza ya kubuni ya kisayansi iliyoanza kuonyeshwa na BBC mnamo Novemba 1963, majuma machache tu kabla ya Kenya kujipatia uhuru. Mhusika wake mkuu husafiri katika wakati, akienda karne zilizopita na zijazo, kwa chombo ambacho kwa nje kina umbo la kibanda cha buluu cha simu ya polisi. Kijana mmoja alilalamika kwamba hadithi hiyo haina mantiki. Iweje leo msafiri huyo ashikilie kwamba tukio fulani la historia haliwezi kubadilishwa, na kesho abadilishe jingine lililo kubwa zaidi? Binti mmoja alimjibu kuwa anayetaka mantiki tupu na asome hesabu, kwani utamu wa mchezo huo umo katika mzaha wake. Wa tatu naye akashikilia kuwa mzaha huo ndio unaoficha kasoro za hadithi, kama majani makavu ya mgomba yanavyoficha shimo njiani.

Mzee mmoja aliyekuwa akiota moto aligeuka akataka kujua ni jambo gani hilo. Alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawaambia vijana kwamba sisi nasi tulikuwa na mtu aliyeuona wakati ujao, wala hakuhitaji kibanda cha polisi kumpeleka huko. Yeye aliwaonyesha watu mahali ambapo kituo cha polisi kingejengwa. Mtu huyo ni Sakawa, au Sakagwa kama wengine wamwitavyo, na leo nataka kusimulia habari zake, maadamu nahisi nina deni kwake.

Sakawa alizaliwa Nyakoe, katika nchi ya Kitutu, yamkini katika miaka ya 1840. Wakati huo Abagusii hawakuwa na mfalme wala serikali moja. Kila ukoo ulijiendeshea mambo yake kupitia wazee wake, na watu waliwaendea abaragori, yaani waaguzi, ili kujua chanzo cha maradhi, ukame au mauti. Sakawa alitokea miongoni mwa watu wa aina hiyo, lakini sifa zake zilivuka mipaka ya ukoo wake. Mwaguzi wa kawaida huulizwa jambo la nyumba moja; Sakawa aliaminiwa kuona yatakayozipata nyumba zote.

Maisha ya watu wake yalikuwa ya mashaka. Walikabiliwa na njaa, magonjwa ya mifugo na uvamizi wa majirani. Mwishoni mwa karne ya 19 walipigana na Wakipsigis vita vikubwa ambavyo Abagusii huviita vya Saosao, na wakashinda. Yasimuliwa kwamba Sakawa alikuwa mmoja wa walioshauriwa kabla ya vita hivyo. Kwa wengi ushindi huo ulikuwa ithibati kwamba maneno yake hayaanguki chini.

Hata hivyo, kilicholifanya jina lake lidumu si vita hivyo bali ni habari za wageni. Husimuliwa kwamba aliwatangazia watu kuja kwa wanadamu wa rangi nyingine watakaoitawala nchi, na kwamba mashujaa wangepokonywa silaha zao. Husimuliwa pia kwamba alikwenda Getembe, mahali ulipo sasa mji wa Kisii, akaonyesha palipokuja kujengwa kituo cha polisi na hospitali. Aidha, alibashiri kwamba wageni hao nao wangeondoka siku moja. Hakutaja siku wala mwaka, na kutotaja huko, kama tutakavyoona, kuliwagharimu watu wengi.

Sakawa aliaga dunia mnamo 1902, kabla Mwingereza hajaweka makao Getembe. Wapo wasemao kwamba hakufa bali alitoweka, na kwamba angerudi.

Yaliyofuata yanajulikana vyema katika historia. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi cha askari dhidi ya Abagusii, na watu wenye mikuki wakauawa kwa bunduki. Mwaka 1907 boma la serikali likaanzishwa Getembe. Watu wakauita mji huo Bosongo, yaani mahali pa Wazungu, na jina hilo bado liko vinywani mwetu. Januari 1908 kijana Otenyo Nyamaterere, akichochewa na mtabiri mwanamke aitwaye Moraa, alimchoma mkuki mtawala wa boma hilo, Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Kikosi kilichotumwa kulipiza kisasi kilichoma nyumba, kikateka ng'ombe na kuua watu zaidi ya 200, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akalalamikia mauaji hayo.

Ndipo ikafika Septemba 1914. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeanza, na jeshi la Wajerumani likavuka kutoka Tanganyika hadi Kisii. Maofisa wa Kiingereza walilihama boma. Wenyeji walipoona Wazungu wanakimbia, wengi waliamini kwamba utabiri wa Sakawa umetimia: wageni wameondoka. Wakaingia mjini, wakapora ofisi za serikali na maduka. Wajerumani na Waingereza walipigana hapo Kisii tarehe 12 mwezi huo, Wajerumani wakarudi nyuma, na muda si muda Mwingereza akarejea. Waliosherehekea waliadhibiwa. Mifugo yao ilichukuliwa, na vijana wengi wa nchi hiyo wakapelekwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa vita, kazi iliyowaua maelfu ya Waafrika.

Imani hiyo haikuzimika. Dini ya Mumbo, iliyoanzia Alego mnamo 1913 kwa Onyango Dunde, ilifika Gusii na kuchanganyika na habari za Sakawa. Wafuasi wake walitazamia kurudi kwake na kuondoka kwa mkoloni. Serikali iliwaandama kwa miaka mingi, na baadhi ya viongozi wao wakahamishwa mpaka Lamu, mbali na makwao.

Hiyo ndiyo hadithi aliyoisimulia mzee yule usiku huo, ingawa mimi nimeongeza miaka na majina kutoka vitabuni. Vijana walimsikiliza, kisha wakamfanyia Sakawa kama walivyomfanyia msafiri wa kibanda cha buluu. Wa kwanza aliuliza: ikiwa Sakawa alijua kwamba mashujaa watapokonywa silaha, mbona mashujaa hao walipigana 1905 na 1908? Je, hawakusikia, au walisikia wakadhani wanaweza kuyabadilisha yatakayokuja? Binti yule alijibu kwamba hilo ndilo swali lile lile walilokuwa wakizozania awali. Mwingine akauliza ni kwa nini aliona mahali pa hospitali lakini hakuona mwaka 1914. Mzee alijibu kwamba Sakawa aliona safari, hakuhesabu vituo vyake. Waliohesabu ni watu wenye haraka.

Hatimaye kijana mmoja mcheshi aliuliza swali ambalo, kwa watu wetu wenye uhaba mkubwa wa ardhi, lilikuwa halikwepeki. Kama Sakawa alijua mji utajengwa Getembe, mbona hakuwashikia jamaa zake viwanja vichache pale katikati? Kicheko kilienea mpaka kwa wafiwa. Mzee alingoja kitulie, kisha akaeleza kwa uso mkavu kwamba Sakawa alionyeshwa majumba ila hakuonyeshwa hatimiliki, na kwamba hata leo kuna watu wanaouona mji kwa macho mawili na bado hawajaiona karatasi hiyo. Tulicheka tena, na baadhi yetu hatukucheka kwa furaha.

Nilikaa kimya muda wote huo. Nilikuwa na sababu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimetunukiwa shahada ya uzamifu katika isimu punde tu, nilihudhuria matanga mengine kama hayo upande wa Nyakoe. Mzee mmoja wa makamo ya babu yangu alikuwa akisimulia habari za Sakawa. Alipofika pale ambapo Sakawa anataja polisi na hospitali, nilimkatiza. Nilimfahamisha, mbele ya watu, kwamba maneno hayo yaliingia katika Ekegusii pamoja na vitu vyenyewe, baada ya Mwingereza, na kwamba mtu aliyekufa 1902 hakuweza kuyatamka. Nikahitimisha kwamba hadithi hiyo ilitungwa baadaye. Vijana wa siku hiyo walicheka, lakini walimcheka yeye. Mzee alinitazama, akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa, wala hakuendelea. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kurudi kumwomba radhi. Sehemu iliyobaki ya hadithi yake, jinsi yeye alivyoipokea kwa waliomtangulia, sikuisikia na sitaisikia.

Kuhusu maneno hayo sikukosea. Ningelisema leo hivyo hivyo mbele ya wanafunzi wangu. Kila msimulizi huvisha habari ya kale maneno ya wakati wake, na kazi ya mwanaisimu ni kuyatambua mavazi hayo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nikishalitambua vazi, aliyelivaa hayupo tena. Lililonipasa ni kumuuliza mzee: Je, Sakawa aliita nyumba ile kwa jina gani? Yumkini angenijibu kwamba aliiita nyumba ya wagonjwa, au kwamba baba yake alisimulia kwa neno jingine ambalo sasa limesahaulika. Ningalipata neno. Badala yake nilipata ushindi usiku ule, nao haujanifaa kwa lolote.

Vijana wa Keroka walinifunza tofauti iliyopo baina ya swali na swali. Wao waliuliza ili hadithi iendelee. Walipoona ufa walitaka kujua umetokea wapi, na mzee alipoujaza kwa mzaha waliupokea na kuuliza tena. Mimi niliuliza ili hadithi ikome. Kwa kweli halikuwa swali, ilikuwa hukumu.

Kuna watakaosema kwamba Sakawa ni mtu wa kuheshimiwa, na kwamba kumweka katika mizani moja na mchezo wa televisheni ni kumdunisha. Nadhani mwaka 1914 unatuonya kinyume chake. Watu walioingia Getembe siku ile hawakukosa imani. Walikosa wa kuwauliza kama kukimbia kwa siku chache ndiko kuondoka kulikobashiriwa. Walilipa kwa ng'ombe wao na wana wao. Utabiri usioruhusiwa kuulizwa humwachia kila mwenye pupa kuamua siku ya kutimia kwake.

Wapo pia wasomi, na mimi nilikuwa mmoja wao, wasemao kuwa habari hizi ni ngano tupu zisizostahili wakati wetu. Hao nao nawaomba wajiulize: ni kwa nini watu walioshindwa 1905, wakashindwa tena 1908, na kuadhibiwa baada ya 1914, waliendelea kusimuliana kwamba mgeni ataondoka? Mkoloni hakuiona kuwa ngano tupu, la sivyo asingalijisumbua kuwapeleka waumini wake Lamu. Na Disemba 1963 bendera ya Mwingereza iliposhushwa, wazee wengi wa Gusii hawakuhitaji kuelezwa maana ya siku ile. Walikuwa wameisubiri tangu kabla hawajazaliwa.

Ombi langu basi kwa wasomaji, hasa walio na wazee majumbani mwao huko Kitutu, Bobasi, Nyaribari na kwingineko, ni hili. Mwakapo moto, waulizeni habari za Sakawa. Bishaneni nao kwa adabu, watanieni pale utani unaporuhusiwa, na waulizeni maneno waliyoyatumia baba zao. Simu zile zile tunazotazamia michezo ya Uingereza zaweza kunasa sauti za wazee hawa. Mimi nimeanza kufanya hivyo. Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee wa Keroka nikiwa na chombo cha kunasia sauti na kilo mbili za sukari. Aliniuliza kwanza kama nimekuja kusahihisha au kusikiliza. Inaonekana habari za Nyakoe zilikuwa zimemfikia. Nilimjibu kwamba nimekuja kuuliza. Akanionyesha kigoda, nikaketi.