Mwalimu Alianza na Mshahara Wake

Safari hii tumkumbuke Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, maana maisha yake yanatugusa sisi tunaosoma hapa Minneapolis na Saint Paul.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alibatizwa mwaka 1943 akiwa tayari kijana mzima, yaani Ukristo aliuchagua mwenyewe. Alisoma Makerere, kisha Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha ualimu na mshahara wake ili aiongoze TANU.

Mwaka 1964, akiwa Rais, alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila halafu asirudi na kitu, huyo ni msaliti. Sisi tunaobeba boksi usiku na kuingia darasani asubuhi tunaujua mfano huo vizuri. Kila mmoja wetu anajua ng'ombe gani aliuzwa, na ni nani walichanga nauli.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lingewakata sehemu kubwa ya mapato. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300. Wapo wanaomlaumu mpaka leo, na wana haki yao. Lakini papo hapo alijikata mwenyewe asilimia 20 ya mshahara wake. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, wala hisa za kampuni, wala mishahara miwili.

Haya hayakutoka kwenye siasa peke yake. Mwalimu alikuwa mtu wa misa. Mwaka 1970 alikuja Marekani, akazungumza na masista wa Maryknoll kule New York. Aliwaeleza kwamba Kanisa lina wajibu wa kusimama pamoja na maskini na kupinga yale yanayowafanya wawe maskini.

Tusimfanye malaika lakini. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba watu wote wahamie vijijini kufikia mwisho wa 1976. Wengi walihamishwa kwa nguvu, wengine nyumba zao zikachomwa. Ujamaa maana yake ni udugu, na udugu haulazimishwi. Pale alipojinyima mwenyewe watu walimwamini. Pale serikali ilipotumia nguvu, wakulima wakavunjika moyo.

Aling'atuka mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza rasmi mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Sasa turudi kwetu. Mwenzetu akifiwa, au akikwama kodi ya nyumba katikati ya Januari na baridi hii, tusingoje mwenyekiti aanze kupiga simu mlango kwa mlango. Wala tusianze kwa kuuliza fulani katoa ngapi. Kila mtu aanze na mfuko wake, hata kama ni dola tano, kisha ndiyo amkumbushe jirani. Mungu awabariki.