Alexis Carrel, Daktari Aliyeshona Mishipa ya Damu

Kila mwenye baiskeli ajua la kufanya mwiba ukichoma mpira: hutia kiraka, akapanda, akaenda zake. Je, mshipa wa damu ukitoboka? Nimeona vema niwaeleze habari za mtu aliyelishughulikia swali hilo.

Alexis Carrel alizaliwa mwaka 1873 karibu na Lyon, mji wa Ufaransa ulio mashuhuri kwa hariri. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka mitano, akalelewa na mama. Alipokuwa kijana akisomea udaktari mjini humo, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alikuja kuzuru. Ilikuwa tarehe 24 Juni 1894. Mtu mmoja akamrukia garini akamchoma kisu, na kisu kikakata mshipa mkubwa uendao kwenye ini. Madaktari hodari walikuwapo, lakini hakuna aliyejua kuushona mshipa ule. Baada ya saa chache Rais alikufa.

Carrel aliona kwamba Rais angaliweza kupona kama elimu hiyo ingalikuwapo. Lakini kazi yenyewe si rahisi. Mshipa ni laini, huteleza, na uzi mnene huupasua. Tena hata ukishonwa, damu ipitapo juu ya ukingo uliokwaruzwa huganda, na donge lile huziba njia. Basi kijana huyu alikwenda kwa bibi mmoja wa Lyon, Madame Leroudier, fundi wa kutarizi, akajifunza kushona kwa sindano nyembamba sana, kama wafanyavyo mafundi wetu wa kofia za viua. Napenda sana sehemu hii ya habari zake, kwa kuwa daktari msomi hakuona haya kukaa mbele ya mshonaji.

Mwaka 1902 alitangaza njia yake. Alitia nyuzi tatu kwenye ukingo wa mshipa, akazivuta mpaka mdomo wa duara ukawa pembe tatu. Hapo akashona mistari mitatu iliyonyoka. Nimelijaribu jambo hili kwa kitambaa nilichokunja kama mrija, na kweli duara ni taabu lakini mstari ni mwepesi. Nyuzi zake za hariri alizipaka vaselini, na usafi aliushika kwa ukali. Tundu pana alilitia kiraka alichokata katika mshipa mwingine!

Mwaka 1904 aliondoka Ufaransa, akafanya kazi Chicago, kisha New York. Huko, mwaka 1908, mtoto mchanga alikuwa akivuja damu karibu ya kufa. Carrel akashona mshipa wa mkono wa baba yake na mshipa wa mguu wa mtoto, damu ikapita, mtoto akapona. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel.

Haifai kuficha mabaya yake. Katika kitabu alichotoa mwaka 1935 alitetea kuuawa kwa baadhi ya wahalifu na wenye wazimu, na hayo mimi siyakubali hata kidogo. Alikufa Paris tarehe 5 Novemba 1944.

Siku hizi madaktari wa moyo huingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja au wa mkono. Ukitolewa, tundu hubaki. Wengi hulibana kwa mkono kwa dakika nyingi mpaka damu ikome. Lakini kipo chombo kinachopita katika tundu lile lile la paja, kikatoa sindano ndogo, kikapitisha uzi katika ukuta wa mshipa. Daktari hukaza fundo akiwa nje, bila kupasua zaidi. Vingine huacha kizibo ambacho mwili hukiyeyusha wenyewe. Mgonjwa aliyefungwa tundu namna hii huweza kusimama na kutembea mapema kuliko yule aliyebanwa kwa mkono, ambaye hulazwa chali kwa saa kadhaa.