Isidore Bakanja: alisamehe, lakini hakuficha vidonda vyake

Ndugu wachimbaji, wamama na vijana wa Masisi na Walikale, tarehe 12 Agosti tunamkumbuka Mwenye heri Isidore Bakanja. Wengi tunajua tu kwamba alikufa juu ya skapulari. Tusisahau kwamba alikuwa kwanza mtu wa kazi, kama sisi.

Alizaliwa karibu mwaka 1887 kule Bokendela, upande wa Ekwateri. Akiwa kijana alienda Mbandaka, Wazungu walipaita Coquilhatville, akatumika kama msaidizi wa fundi masoni. Pale alijifunza dini, na mapadri Watrapisti wakambatiza tarehe 6 Mei 1906. Toka siku ile hakuachana na rozari yake, wala na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli shingoni. Hakuwa katekista, lakini wenzake wa kazi aliwafundisha kusali.

Kisha alienda Ikili, kuwa boyi wa Mzungu mmoja wa kompanyi ya Kibelgiji, SAB. Kazi ya pale ilikuwa mpira. Wakati ule mpira ulikuwa kama koltani yetu ya leo: dunia nzima inautaka, na yule anayeutoa porini habaki na kitu. Mkubwa wa pale, Van Cauter, aliwachukia mapadri, juu walikuwa wanatetea haki ya wenyeji. Aliona watumishi wakianza kusali, kazi itasimama. Bakanja aliomba ruhusa ya kurudi kwao, wakamkatalia. Akaamriwa kutupa skapulari. Hakutupa.

Siku moja Van Cauter alimrukia, akaikata shingoni na kuitupa chini. Akaamuru watumishi wamshike mikono na miguu, na mwingine ampige kwa fimbo ya ngozi ya tembo yenye misumari. Alipigwa zaidi ya mara 100. Mgongo ulipasuka wote. Kisha wakamfunga minyororo ya miguu katika nyumba ya kutengenezea mpira.

Sasa sikilizeni vizuri. Habari ikafika kwamba mkaguzi wa kompanyi, Dörpinghaus, anakuja. Mkubwa akafanya haraka kumtuma Bakanja kijiji kingine, ili asionekane. Bakanja alifanya nini? Alijificha porini, akangoja. Mkaguzi alipofika, alimuona mtu anatoka ndani ya pori, anajikokota juu ya fimbo mbili, vidonda vimeoza, nzi wamejaa. Mkaguzi alishtuka. Alimkinga, akamchukua kwake ili atunzwe, na Van Cauter alifikishwa mbele ya sheria.

Lakini vidonda havikupona. Mwezi wa saba 1909, mapadri walikuja kumpa sakramenti. Walimuomba amsamehe aliyempiga. Alikubali, akaahidi kumuombea hata mbinguni. Alikufa mwezi wa nane 1909, rozari mkononi. Alikuwa na miaka kama 22. Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa pili alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Kwa nini nawaandikia hii? Katika kazi ya sendika nimesikia mara nyingi: shimo limeanguka, watu wamekufa, na mjane anaambiwa asamehe, anyamaze, ni mapenzi ya Mungu. Kilo inapunguzwa ku mizani, mchimbaji anaambiwa Mkristu mzuri halalamiki. Bakanja anatuonyesha kwamba hiyo si kusamehe. Yeye alisamehe kwa kweli, na bado alijikokota mpaka mbele ya mkaguzi ili mgongo wake uonekane. Hakutafuta kisasi, alitaka ukweli ujulikane.

Hata Yezu mfufuka alifanya vile. Katika Injili ya Yoane, sura ya 20, anawapa wanafunzi amani, na anamuonyesha Toma alama za misumari. Amani na vidonda vilikuwa pamoja. Kufufuka hakukufuta alama.

Basi, wa Rubaya na wa Bisie, mtu akiumia shimoni, tuandike jina lake, siku na mahali, na mashahidi. Tulipeleke kwa wenye kusikia. Na jioni, tumuombee hata yule aliyetukosea. Yote mawili njo kazi ya Mkristu.

Mwenye heri Isidore Bakanja, utuombee.