John Bardeen (1908–1991)

Mtahiniwa, ukiulizwa ni nani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mara mbili, mtaje huyu, hana mwenzake. Alizaliwa Madison, Marekani. Desemba 1947, katika maabara ya Bell, yeye na Walter Brattain waliunda transista ya kwanza kwa germaniamu, ambayo ni nusu-kipitishi. Majaribio ya awali yalishindwa, na Bardeen ndiye aliyeeleza kwa nini: elektroni zilizonaswa kwenye uso wa fuwele zilizuia uga wa umeme kupenya ndani.

Mwaka 1951, baada ya kutoelewana na mkuu wake, Shockley, alihamia Chuo Kikuu cha Illinois. Swali lake lilibaki lile lile: elektroni nyingi zikisongamana ndani ya yabisi, hufanyaje? Mwaka 1957 yeye, Cooper na Schrieffer walieleza jambo lililojulikana tangu 1911 bila maelezo: elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana, katika baridi kali hushikana jozi jozi kwa msaada wa mitetemo ya atomu, na kupita bila ukinzani.

Usichanganye tuzo: ya 1956 ni ya transista, ya 1972 ni ya jozi hizo. Usichanganye na tabia zenyewe: ukipoza germaniamu, ukinzani huongezeka, ukipoza zebaki hadi nyuzi –269 za Sentigredi, ukinzani hutoweka kabisa.